Je, wajua kwa nini mwanga hukuamsha hata ukiwa umefumba macho? Hiyo ndiyo siri ya saa ya macheo, taa inayokuamsha kwa mwanga.

Zima taa usiku, washa tochi ya simu, kisha izibe kwa vidole. Vidole vitang'aa vyekundu. Nyama na damu humeza sehemu kubwa ya mwanga, hasa wa buluu, na kuacha wekundu upenye. Kope zako hufanya vivyo hivyo kila alfajiri.

Mwanga kidogo unaopenya huangukia retina, utando ulio ndani ya jicho kwa nyuma. Humo, mbali na chembe tunazoonea, mna nyingine chache zisizohusika sana na picha. Kazi yake kubwa ni kupima kama kuna mwanga, na mkali kiasi gani. Zinatumia protini iitwayo melanopsini, iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo husisimka zaidi kwa mwanga wa buluu, ule ule ambao kope humeza zaidi; ndiyo maana mwanga wa kukuamsha hauna budi kuwa mkali. Kuna vipofu ambao chembe zao za kuonea zimekufa lakini hizi zikasalia. Hawaoni kitu, ila miili yao bado hutofautisha usiku na mchana.

Habari hizo hupelekwa kwenye kifundo cha chembe za neva kama 20,000 ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hiyo ndiyo saa ya mwili. Ikiambiwa kunakucha, huagiza melatonini, homoni ya usiku, ipunguzwe. Saa yenyewe si sahihi sana: ikiachwa bila mwanga wa kuirekebisha, mzunguko wake kwa binadamu huzidi saa 24 kwa wastani wa dakika kama kumi. Kila asubuhi jua huirudisha kwenye mstari.

Kwetu kazi hiyo hufanyika bure. Dar es Salaam, tofauti kati ya siku jua linapowahi kuchomoza na siku linapochelewa haifiki saa nzima kwa mwaka. Bila uthabiti huo, sidhani kama Kiswahili kingethubutu kuanza kuhesabu saa kutoka kuchomoza kwa jua. Sasa mwulize ndugu yako aliyeko Oslo, Norwe. Mwishoni mwa Desemba jua huko huchomoza kama saa tatu na robo asubuhi, na saa tisa na robo alasiri limeshazama. Mtu anaamka, anaoga na kufika kazini kukiwa giza totoro. Kwa watu kama hao saa ya macheo ina maana: ni taa ya mezani inayoanza kuwaka kwa wekundu hafifu, ikaongezeka polepole kwa dakika 20 hadi 40 mpaka weupe mkali, ndipo mlio ukafuata.

Ukitaka kununua, tazama ukali kwanza, umbo baadaye. Kwa kuwa kope hula mwanga mwingi, kitaa cha urembo hakitakuamsha. Zile za maana hutoa kama luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali) 200 hadi 300 usoni, tena zikiwa karibu, nusu mita hivi kutoka kwenye mto wa kulalia. Hata hizo ni kidogo. Nje, chini ya mawingu, kuna maelfu. Basi usiichanganye na taa ya luksi 10,000 inayotumika kutibu huzuni ya majira ya baridi. Hicho ni kifaa kingine.

Hakikisha pia tarakimu zake zinaweza kuzimwa kabisa usiku. Ni kichekesho kununua kifaa cha usingizi kinachokumulika usiku kucha. Mlio wa akiba ni lazima, maana kuna siku mwili umechoka na mwanga hautafua dafu. Kwa sisi ambao umeme hukatika, uliza kama ina betri ya kutunza saa. Vinginevyo siku umeme utakaporudi saa nane usiku, utaikuta inapepesa sifuri nne nawe umechelewa kazini. Zinazodai programu ya simu ndipo ziwake mimi nazikwepa.

Je, mtu wa Nairobi au Mwanza anaihitaji? Anayeamka saa kumi alfajiri awahi daladala au matatu, huenda ikamfaa, kwa sababu anaamka kabla ya jua kama yule wa Oslo. Anayeamka saa moja, afungue pazia kabla ya kulala. Chandarua hakizuii kitu.

Kama mnalala wawili na mwenzako ametoka zamu ya usiku, fikiria upya: taa haijui ni nani aliyeitega. Na wewe unayelala umejifunika gubigubi, uso ukutani, baki tu na alamu ya simu.