"Meza Inavuta": dhana za pool zinazotufungisha tukihama kijiwe

Kuna jamaa wa kijiwe chetu, Nyakato hapa Mwanza, ambaye hakuna anayependa kukutana naye palipo na hela. Meza ile ameizoea hadi anajua kitambaa kilichanikia wapi na kikazibwa na nini. Kuna siku tulivuka na meli kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kwenye harusi, jioni tukakuta meza ya pool chini ya turubai. Akaomba mchezo. Kijana mmoja muuza dagaa, kandambili miguuni, akamfunga minne mfululizo. Mimi nilifungwa mitatu, lakini tuyaache hayo. Safari nzima ya kurudi Mwanza ilikuwa wimbo mmoja: "Meza yao mbovu."

Haikuwa mbovu. Ilikuwa nyingine, na sisi tulikuwa tunacheza Nyakato tukiwa Ukerewe. Tangu siku ile huwa nasikiliza kauli zinazorushwa mezani, na nyingi haziendani na ukweli.

"Meza ni meza tu, mkali ni mkali popote"

Hii ndiyo mama wa nyingine zote. Meza za pool zina koo mbili kubwa. Za Kiingereza huwa za futi 6 au 7, mipira yake ina kipenyo cha milimita 51 hivi, midomo ya matundu imeviringwa kama ya snuka, na kitambaa ni cha sufu chenye vinyweleo. Za Kimarekani huwa za futi 7, 8 au 9, mipira ni ya milimita 57, matundu yamekatwa kwa kona kali, na kitambaa kimefumwa laini bila vinyweleo. Meza ya futi 9 ina eneo la kuchezea zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya futi 7. Mtu aliyezoea ndogo akifika pale mkono wake unaishia katikati ya meza.

Halafu kuna machotara. Hizi nimezikuta sana: meza ya ukoo mmoja, mipira ya ukoo mwingine, kwa sababu mipira ya awali ilipopotea mwenye meza alinunua iliyopatikana. Matundu yakawa yanabana, au yakawa mapana kama mlango wa zizi, na mchezaji akajiona ameshuka au amepanda kiwango.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kimo cha vidole. Katikati ya mpira wa Kimarekani iko milimita 28 na ushee juu ya kitambaa, ya mpira wa Kiingereza ni 25. Tofauti ni milimita 3. Ukitoka kwenye mipira ya Kimarekani ukaja ya Kiingereza, ukaweka mkono wa kushikilia fimbo kwa kimo kilekile cha nyumbani, pigo uliloliita la katikati linatua juu ya katikati, na mweupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo, uliotaka usimame unafuata hadi shimoni. Mwenzangu alitumbukiza mweupe mara mbili Nansio na mara zote mbili alilaumu fimbo. Alitakiwa kulaza vidole kidogo tu.

"Mweupe ni mpira kama mingine"

Kwenye meza za sarafu, mara nyingi sivyo. Mashine inameza mipira yote mpaka utumbukize sarafu nyingine, lakini mweupe ukizama lazima ikurudishie. Itaujuaje? Baadhi ya meza zinautenganisha kwa ukubwa: mweupe wa milimita 48 hivi kati ya mipira ya 51. Nyingine zina mweupe mzito kuliko wenzake, au wenye kitu ndani kinachovutwa na sumaku.

Hapo mbinu zote za kuuweka mweupe mahali zinabadilika. Mweupe mdogo ni mwepesi. Ukigonga mpira mzito uso kwa uso, unadunda nyuma kidogo hata kama hukutaka. Kuurudisha nyuma ni rahisi, kuusukuma mbele baada ya kugonga ni kazi. Mweupe mzito ni kinyume: unataka usimame, wenyewe unaendelea kama daladala iliyokata breki. Wanaojivunia kuurudisha mweupe nusu meza, wengi wanajivunia mweupe mwepesi. Wape mzito tuone.

Kupima ni rahisi. Kabla ya mchezo, kama wenyeji wanaruhusu, weka mpira mmoja mbele ya mweupe, njia imenyooka, piga katikati kwa nguvu ya wastani. Mipira ikilingana uzito na mweupe ukafika unateleza, bila kubiringika, utasimama palepale. Ukirudi, ni mwepesi. Ukisogea mbele, ni mzito, au hukupiga katikati, na hilo nalo ni vizuri kulijua mapema.

"Piga kwa nguvu, utaingia tu"

Kwa meza yenye matundu mapana kauli hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Lakini mpira wa polepole unaogusa ukingo wa tundu unaweza kuteleza ukadondoka, wa kasi unagonga kona hii, unagonga ile, unatoka nje. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo unavyolipunguza tundu kwa mikono yako mwenyewe. Kwenye midomo ya mviringo ya Kiingereza adhabu inakuja haraka zaidi.

Nguvu inabadilisha pia pembe ya kingo. Ukipigisha mpira ukingoni kwa kishindo, raba inabonyea na mpira unatoka kwa pembe iliyobana kuliko ulivyoingia. Hesabu ya "unaingia hivi, unatoka hivi" ni ya pigo la wastani kwenye raba nzima. Raba iliyokufa ina hesabu zake, na wenye kuzijua ni wenyeji.

"Meza inavuta"

Nimesikia imesemwa kwa maana ya dawa, kwamba mwenye meza kafanya mambo. Nimesikia pia kwamba ni hujuma ya kumlinda mwenyeji. Mpira kupinda njiani ni kweli kabisa, ila sababu ni mbili za kawaida.

Ya kwanza ni mwinamo. Mwanza yetu ni ya miamba, na kuna vijiwe vya mlimani ambako hata sufuria ya maharage inamwaga upande mmoja. Meza inasawazishwa siku ya kuletwa, wiki ijayo vijana wanne wanaisukuma kupisha spika, na kipande cha mbao chini ya mguu kinabaki kilipokuwa. Meza nzuri ina jiwe la sleti chini ya kitambaa. Ya bei nafuu ina ubao, na ubao ukinywa maji unajipinda.

Ya pili ni vinyweleo vya kitambaa cha sufu. Vinalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na kwa kawaida vinaelekea upande mipira inapopangwa. Pitisha kiganja: upande mmoja ni laini, mwingine unakwaruza. Mpira unaokatisha meza polepole husukumwa kidogo kufuata malalo hayo.

Utatofautishaje? Biringisha mpira taratibu kwa urefu wa meza, kwenda na kurudi. Ukiegemea ukingo uleule mara zote mbili, meza imeinama. Na kumbuka kwamba mpira wa polepole ndio unaopinda zaidi, kwani unakaa njiani muda mrefu. Kwa hiyo kwenye meza iliyoinama utalazimika kuongeza nguvu, ile ile niliyoikataza hapo juu. Ndiyo. Pale utachagua hasara ipi unaweza kuibeba: kupindiwa au kutemewa.

"Mvua ni ya huko nje"

Sufu inavuta unyevu wa hewani. Siku za masika, au kwenye banda lililo wazi karibu na maji, kitambaa kinakuwa kizito na mpira unachoka mapema. Mabingwa wa biliadi isiyo na matundu huchezea meza ambazo jiwe lake linapashwa joto kwa umeme, unyevu usikae kitambaani. Sisi tuna taa moja juu ya meza na bia iliyomwagika jana. Kama ulicheza hapo Julai ukashinda, usije Aprili na mkono wa Julai.

"Chaki inaongeza nguvu"

Haiongezi. Inazuia ncha ya ngozi isiteleze kwenye mpira, basi. Na kwa kweli si chaki: kile kijibonge cha bluu kinatokana na mchanganyiko wa silika na unga mgumu wa kusagia, ambao mchezaji William Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago waliupatia hataza mwaka 1897. Ukipiga mbali sana na katikati ya mpira utateleza tu hata ukiipaka hadi masikioni.

"Sheria ni zilezile"

Kwa sheria za kimataifa za mpira nane, mchezo unaomalizika kwa mpira namba 8, ukifanya faulo mpinzani anauchukua mweupe na kuuweka popote mezani. Kwa baadhi ya zile za meza ndogo za Kiingereza zenye nyekundu na njano, anapata pigo la bure kisha zamu yake. Vijiweni kuna toleo la kila mtaa. Hii inagusa mbinu moja kwa moja, kwani pale ambapo faulo inaumiza sana, kuficha mweupe nyuma ya mipira yako, mpinzani asiweze kugonga yake, ni silaha kuliko kutumbukiza.

Nansio hatukuuliza. Kijana wa dagaa alituficha mara sita, na kila mara tulidhani amekosea.