Je, wajua kwa nini kukanyaga breki kunaweza kuwasha indiketa ya mbele?

Giza linaingia. Mtu ameketi ndani ya Lotus Elan ya miaka ya 1960, mwenzake amesimama mbele ya gari. Anakanyaga breki. Taa ya breki ya kushoto inawaka kwa unyonge, kama kaa linalokaribia kuzimika. Hilo halishangazi sana kwa gari la umri huo. Kinachoshangaza ni sauti ya yule wa mbele: "Indiketa ya huku imewaka!" Haipepesi. Imewaka tu, hafifu, ya rangi ya kutu. Breki ikiachiwa inazimika, na swichi ya indiketa hakuna aliyeigusa.

Ukiona hivyo, wazo la kwanza ni kwamba nyaya mbili zimegusana mahali fulani. Dashibodi inafunguliwa, utepe wa fungu la nyaya unachanwa, swichi inabadilishwa, na siku nzima inakwenda. Kumbe nyaya zote ni nzima. Kilichoharibika ni nati moja yenye kutu nyuma ya gari.

Ili kuelewa, tuanze na jambo ambalo mafundi wengi wanalijua kwa mikono kabla ya kulijua kwa maneno: balbu haimalizi umeme. Ampea zinazotoka upande mmoja wa betri lazima zirudi upande wa pili, zote. Kwa hiyo kila taa inahitaji njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwenye gari la bati, njia ya kurudi imeshajengwa: ni bodi yenyewe. Unapeleka waya mmoja kwenye taa, upande wa pili unaubana kwenye bati, na bati linaurudisha umeme mpaka kwenye betri. Ndiyo maana fundi akiona taa inasumbua huchomoa kipande cha waya, akakigusisha kwenye bodi, na taa ikawaka.

Sasa toa hilo bati. Mwaka 1953 Chevrolet ilianza kutengeneza Corvette huko Flint, Michigan, magari 300 mwaka ule, yote yakiwa na bodi ya faiba. Mwaka 1957 Lotus ikatoa Elite, ambayo haikuwa na chasisi ya chuma kabisa. Faiba ndiyo iliyobeba gari. Elan ilifuata mwaka 1962 ikiwa na uti wa mgongo wa chuma katikati na bodi ya faiba juu yake. Faiba ni nyepesi, haipati kutu, na kiwanda kidogo kinaweza kuitandaza kwenye kalibu bila mashine kubwa za kukandamiza bati. Lakini haipitishi umeme hata chembe. Wenye boti za faiba pwani yetu wanalijua hili vizuri: taa ya mlingotini lazima iende na nyaya mbili, kwa sababu hakuna bodi ya kuurudisha umeme. Gari la faiba ni vivyo hivyo. Kila taa ina waya wake wa kurudisha umeme, waya wa ardhi, ule ambao mafundi huuita athi, na kwa kawaida nyaya hizo za taa za upande mmoja hukutana sehemu moja kisha zinaendelea kama waya mmoja tu.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Taa kadhaa, njia moja ya kurudi nyumbani.

Turudi kwenye ile taa ya kushoto. Ndani ya kikombe kimoja kuna balbu mbili. Ya kwanza ina nyuzi mbili, vile vijiwaya vyembamba vinavyowaka: uzi wa wati 21 wa breki na uzi wa wati 5 wa taa ndogo ya usiku. Ya pili ni ya indiketa, wati 21. Zote zinategemea waya mmoja mweusi. Kwenye magari ya Uingereza ya enzi hizo mweusi ni ardhi, wa kijani wenye mstari wa zambarau ni breki, wa kijani wenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, na mwekundu mtupu ni taa ndogo. Waya wenyewe ni mzima, ila kutu kwenye nati inayoubana imeufungia njia.

Dereva anakanyaga breki. Umeme unakuja kwa waya wa kijani na zambarau, unapita kwenye uzi wa breki, unafika kwenye chuma cha kikombe, unakuta mlango umefungwa. Lakini kwenye chuma hicho hicho kuna uzi wa indiketa. Umeme hauna habari kwamba ule ni uzi wa indiketa; kwake ni njia tu. Unapita humo kinyumenyume, unatokea kwenye waya wa kijani na nyekundu, unaufuata mpaka mbele ya gari, kwa sababu indiketa ya mbele na ya nyuma za upande mmoja zimefungwa kwenye waya mmoja. Unaingia kwenye balbu ya indiketa ya mbele, ambayo ardhi yake ni nzima, na hatimaye unarudi betri. Badala ya uzi mmoja kupata volti 12, nyuzi tatu zinazolingana zimejipanga foleni, kila mmoja ukipata takriban volti 4. Kwa volti 4 balbu ya volti 12 haiangazi, inapata wekundu tu. Ndiyo ile rangi ya kutu.

Sehemu nyingine ya umeme huo hupenya kwenye uzi wa wati 5 na kuingia kwenye mzunguko wa taa ndogo. Gari ambalo taa zake zote za nyuma zinategemea athi moja huenda mbali zaidi: ukikanyaga breki mchana, taa za dashibodi zinawaka kwa mbali. Mimi naipenda hitilafu ya namna hii, kwa sababu inakuambia ukweli wote. Kila taa inayowaka pasipo kuitwa imeonyesha njia ambayo umeme umepita, na njia zote zinaanzia kwenye sehemu ile ile iliyofungwa.

Mara nyingi waya haukatiki kabisa. Unalegea au unakula kutu kidogo. Hapo dalili ni ya polepole. Tuseme kwenye kiungo cha athi pameota ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, wa nusu omu. Nusu omu ni kitu kidogo mno, mita nyingi za bei rahisi hata haziisomi sawasawa. Lakini usiku, breki, indiketa na taa ndogo zikiwaka pamoja, kikombe kile kinavuta karibu ampea 3.4, na volti 1.7 zinapotelea kwenye kutu. Mwanga wa balbu ya uzi hushuka haraka kuliko volti, kwa hiyo hasara hiyo ndogo inachukua karibu asilimia 40 ya mwanga. Aliye nyuma yako haoni kwamba umekanyaga breki. Na kwa kuwa indiketa inapepesa, kila ikiwaka inaiba sehemu ya njia, taa ya breki inafifia. Ikizima, inapata nguvu. Ukiona taa ya breki inacheza kwa mdundo wa indiketa, usiguse fyuzi. Nenda kwenye waya mweusi.

Upimaji wake una siri moja, na wengi hukosea hapo. Fundi anachomoa balbu, anaweka mita, anasoma volti 12.6, anasema umeme upo. Upo kweli, ila mita haivuti kitu. Ni sawa na bomba lililojaa uchafu: koki ikiwa imefungwa, presha nyuma yake ni ileile ya bomba safi. Fungua koki ndipo utaona maji yanachuruzika. Waya uliobaki na uzi mmoja wa shaba unapitisha umeme wa mita bila shida yoyote, lakini hauwezi kulisha balbu.

Kwa hiyo pima taa ikiwa inafanya kazi. Mwambie mtu akanyage breki, au bana pedali kwa kipande cha mti. Weka mita kwenye volti za betri. Ncha moja ishikilie kwenye nguzo hasi ya betri, na ushikilie nguzo yenyewe, si klempu, maana klempu nayo huwa na kutu. Ncha nyingine gusa chuma cha kikombe cha balbu. Njia ya kurudi ikiwa nzima utasoma volti 0.1 au pungufu. Kwa ile nusu omu, breki ikiwaka peke yake, utasoma karibu 0.8, hizo ndizo zilizopotea. Sasa sogea hatua kwa hatua kuelekea betri: kichwa cha waya mweusi, nati iliyokibana, kisha chuma kitupu cha chasisi kando ya nati hiyo. Kichwa cha waya 0.8, nati 0.8, chuma cha chasisi 0.03. Umefika. Ugonjwa uko kati ya nati na chuma, penye rangi na kutu, na hujafungua hata utepe mmoja.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya zamani: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifunga upande wa chanya kwenye bodi, si hasi. Kipimo ni kilekile ila unaanzia nguzo ya chanya. Angalia kwanza betri imefungwaje.

Kuna jambo jingine kuhusu faiba ambalo linanifurahisha. Bati la gari la kawaida huzuia kelele za mawimbi ya plagi zisifike kwenye redio. Faiba haizuii kitu, hivyo Corvette zilizouzwa na redio ziliwekewa vifuniko vya chuma juu ya nyaya za plagi na kisambaza moto. Lakini kwa sababu hiyohiyo, Corvette za 1953 hadi 1955 ziliweza kufichwa antena ndani ya kifuniko cha buti, isionekane nje.

Magari ya sasa yana kompyuta, na watu hudhani mambo yamebadilika. Hayajabadilika sana. Chukua sensa ya joto la maji ya injini. Kompyuta inaipelekea volti 5, na kadiri maji yanavyopata moto ukinzani wa sensa hupungua na volti hushuka. Waya wa ardhi wa sensa ukikatika, volti hazishuki kamwe, na kompyuta inaamini injini ina baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Inaandika namba ya hitilafu, ambayo mafundi huiita kodi, P0118, mwenye gari ananunua sensa mpya, kodi inarudi. Kodi haikusema sensa imekufa. Ilisema volti ziko juu mno, basi.

Kabla ya kununua, chomoa plagi ya sensa, unganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, na tazama joto kwenye mashine ya kupimia. Likiruka hadi juu ya nyuzi 120, nyaya na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo mbovu. Likibaki chini ya sifuri, pesa yako ihifadhi. Ufa uko kwenye waya, au mara chache kwenye kompyuta.

Na kwenye magari ambayo kompyuta zake zinazungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo wa CAN ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986, kuna kipimo kizuri kuliko vyote. Kila mwisho wa jozi hiyo kuna kizuizi cha omu 120. Toa betri, pima kati ya nyaya mbili: ukisoma 60, ncha zote mbili zipo. Ukisoma 120, moja imepotea, na unajua tayari kwamba waya umekatika mahali fulani au kizuizi kimoja hakipo kwenye njia.

Ile nati ya Elan, basi. Ifungue, kwangua chuma kwa msasa mpaka king'ae, fanya hivyo pia kwenye kichwa cha waya, kaza, halafu paka grisi juu yake, hasa kama gari linalala karibu na bahari ambako chumvi haisubiri mwaka. Grisi ije baada ya kukaza, si kabla. Kanyaga breki tena. Mita inasoma 0.04, taa ya nyuma inawaka nyekundu kamili, na aliyesimama mbele haoni chochote.