Mbona dereva aliyesababisha kifo hashtakiwi kwa mauaji?

Matanga yakiisha, ndugu wa marehemu hubaki na swali linalochoma: mtu wetu ameuawa barabarani, mbona dereva yuko nje kwa dhamana, na mbona karatasi ya mashtaka haitaji mauaji?

Tuchukue Kenya. Dhamana ni haki ya mshtakiwa yeyote chini ya Katiba ya 2010, isipokuwa mahakama ipewe sababu nzito ya kumzuia. Kuachiliwa kwake hakumaanishi kesi imekwisha.

Kuhusu mauaji, jibu liko kwenye nia. Sheria ya adhabu inataka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba mtu aliua kwa dhamira ovu. Dereva wa matatu anayekimbizana na mwenzake kuwahi abiria hakuondoka stejini akiwa amepanga kumuua mtu. Angemlenga mtu kwa gari makusudi, kama mwingine anavyolenga kwa panga, hapo gari lingehesabiwa silaha na shtaka lingekuwa mauaji.

Kwa madereva wengine wanaosababisha kifo bila kukusudia kipo kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu hiki hakina haja na alichokuwa nacho dereva moyoni. Kinaangalia aliendeshaje: kwa kasi ya hatari, ovyo, au kwa namna inayohatarisha watu. Akipatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 10, na leseni yake hufutwa.

Tena hakimgusi aliyeshika usukani pekee. Kinamfikia pia aliyeacha gari barabarani mahali pa hatari. Sote tumeliona lori lililoharibika usiku, limekaa nusu ya lami, halina taa, nyuma yake matawi mawili tu. Gari dogo likija kuingia chini yake na watu wakafa, aliyeliacha lori pale anaweza kushtakiwa kwa kifungu hichohicho, ingawa wakati huo alikuwa amelala fofofo.

Penye ugumu ni ushahidi. Kifo peke yake hakimtii dereva hatiani. Mwaka 1971, mahakama ya rufani ya Uingereza ilifuta hatia ya dereva aliyeingia upande usio wake kwenye barabara ya njia mbili, kwa kuwa hakuruhusiwa kuonyesha kwamba mpangilio wa barabara yenyewe ulimpotosha. Majaji walisema haitoshi hali kuwa ya hatari. Lazima liwepo kosa la dereva lililoileta. Mahakama za Kenya zimeifuata kanuni hiyo. Ndiyo maana polisi hupima alama za breki, huchora ramani ya mahali pa ajali, na mkaguzi hulichunguza gari: breki zilikatika ghafla, au mwenye gari alijua siku nyingi kwamba ni mbovu? Magari yakisogezwa kabla ya kupimwa, na mashahidi wakapanda basi linalofuata bila kuandikisha majina, kesi hiyo inakwenda mahakamani ikichechemea. Nawasihi mliokuwepo: andikisheni maelezo.

Kwenye mazishi utasikia watu wakisema ajali haina kinga. Naelewa wanataka kufariji. Lakini kwa aliyepita gari jingine kwenye kona, akiwa na abiria 14 nyuma yake, neno hilo si la haki. Sheria haimruhusu hata kuondoka tu: kifungu cha 73 kinamtaka asimame, ajitambulishe, na akishindwa hapohapo, aripoti polisi ndani ya saa 24.

Na familia? Mwenye gari akilipia jeneza na chakula cha waombolezaji, kesi ya jinai haifi, kwa sababu anayeshtaki ni serikali wala si familia. Fidia ina njia yake. Mume, mke, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kumdai dereva pamoja na mwajiri wake, na bima ya lazima ya gari hulipa hadi shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Hata dereva akiachiliwa huru katika jinai, dai hili laweza kufaulu, maana kiwango cha uthibitisho hapa ni cha chini. Lakini lifunguliwe ndani ya miaka 3, na miaka hiyo inahesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu hukumu ya jinai itolewe. Wapo wanaongoja hukumu kwanza, na kesi ya trafiki yaweza kuahirishwa hadi miaka hiyo ikapita.