Kwa nini mkanda mpya huungua upesi kwenye mashine kuukuu ya nyasi?

Mkanda wa mashine ya kukata nyasi umekatika. Unanunuliwa mpya, unafungwa, trekta inawashwa, na kabla shamba halijaisha harufu ya mpira unaoungua inarudi. Lawama zote zinamwangukia mwenye duka: ametuuzia feki. Feki zipo, hilo halina ubishi, lakini kwenye mashine kuukuu mimi ningeanza kukagua vitu ambavyo mkanda unapita juu yake.

Mkanda wa V, yaani ule wenye umbo la V, haushiki kwa tumbo, unashika kwa mbavu. Ukivutwa, hujikaza ndani ya mfereji wa puli (gurudumu ambalo mkanda hupita juu yake), na msuguano wa pande mbili ndio unaobeba nguvu kutoka kwa trekta. Tumbo lake halitakiwi kugusa chini kabisa. Puli ikitumika miaka mingi, kuta za mfereji huliwa na kubonyea. Mkanda unazama mpaka unakalia sakafu, mbavu zinakosa pa kubana, unateleza, unapata moto. Dalili ni rahisi kuona: chini ya mfereji pakiwa panang'aa kama kijiko, puli hiyo imekwisha. Ukiweka mkanda mpya wa saizi sahihi, mgongo wake unapaswa kuwa karibu sawa na ukingo wa puli. Ukizama sana, badilisha puli kwanza. Na kama mashine inatumia mikanda miwili au mitatu sambamba, inunuliwe yote pamoja. Ukichanganya mpya na mikuukuu iliyovutika, ule mpya utabeba mzigo peke yake.

Halafu kuna beringi, kile kifaa cha ndani kinachofanya puli na rola zizunguke kwa wepesi. Zima injini, chomoa ufunguo utie mfukoni, toa mkanda, kisha zungusha kila puli na kila rola kwa mkono. Nzima huzunguka kimya. Iliyokufa hukwaruza, au ukiitikisa inacheza. Usisahau ile puli ndogo ya kukaza mkanda, maana beringi yake ikilegea puli inainama na mkanda unaliwa upande mmoja.

Muuaji mkubwa wa beringi hizi ni kamba na majani. Kwenye mashine ya kufunga marobota, kipande cha kamba hujisokota kwenye ncha ya rola, nyasi ndefu zinafuata, kitita kinakaza mpaka kinapasua sili ya beringi. Grisi inatoka, vumbi linaingia. Rola ikianza kukwama, mkanda unasuguana nayo, na hapo kuna nyasi kavu kila mahali: mashine nyingi zimeteketea shambani kwa njia hiyo. Kata kitita hicho kwa kisu kila jioni. Ukichelewa hadi beringi ikazunguka juu ya shafti (mhimili wake), shafti yenyewe italiwa, na beringi mpya haitakaa. Itabidi shafti ijazwe kwa kuchomelea na kukerezwa upya.

Mashine za marobota ya duara zina kisa chao. Nyingi hutumia mikanda bapa mipana inayopita juu ya rola kadhaa, na mkanda bapa una tabia ya ajabu: haushuki kuelekea palipo pembamba, unapanda kuelekea palipo panene. Sehemu iliyo kwenye mteremko hupindishwa kidogo, kwa hiyo kila kipande kinachofuata kinatua juu zaidi ya kilichotangulia. Ndiyo maana puli nyingi za mikanda bapa hutengenezwa zikiwa na kitumbo katikati, ili mkanda usitoke. Sasa, nyasi mbichi zikiacha utomvu na matope yakagandia upande mmoja wa rola, umetengeneza kitumbo kingine pasipotakiwa. Mkanda utakifuata hichohicho, utapanda juu ya jirani yake au kujipindua. Wengine hukimbilia kukaza springi. Kwangu kifaa cha kwanza ni kikwangulio na dakika chache za kukwangua.

Rola zikiwa safi na mkanda bado unahama, angalia kiungo chake cha klipu, pale ncha zake mbili zinapounganishwa. Mkanda ukikatwa mshazari hata kidogo, upande mmoja unakuwa mfupi na hautakwenda sawa. Weka skwea (kipimo cha pembe mraba) dhidi ya ukingo wake, chora mstari, ndipo ukate.