Dar na Nairobi: tunayodanganyana kuhusu bei na maisha

Kila nikikaa na wabongo wanaotaka kwenda kutafuta Nairobi, au wakenya wanaotaka kuhamia Dar, nasikia maneno yaleyale, na mara nyingi anayeyasema ni mtu aliyekaa kule siku nne kwenye semina akarudi na kofia. Mi nilikaa Sinza, Dar, miaka, nikaenda Kasarani, Nairobi, kikazi miaka miwili na kitu, nikarudi. Hizi bei za kwangu ni za maisha ya mtu wa kawaida mwenye ajira, sio za bosi na sio za mtu anayelala chumba kimoja na wenzie watano. Shilingi ya Kenya naihesabu kama 20 za kwetu, na hapohapo ndo tunaanzia.

"Hela ya Kenya ina nguvu, ukienda na madafu umekwisha"

Madafu ndo shilingi yetu ya Tanzania. Kwetu noti kubwa ni 10,000, na ukiibadilisha mpakani Namanga unapewa 500 ya kwao, watu wengi wanaumia roho wakiona hivo. Lakini hizo ni sifuri tu jamani. Noti kuwa na tarakimu chache hakukwambii chochote kuhusu maisha, kinachokwambia ni mshahara wa mwezi unanunua nini.

Afu hata hiyo "nguvu" yenyewe haikai. Januari 2024 dola moja Kenya ilifika karibu 160, ikaja kushuka ikatulia kwenye 129 hivi. Kwetu mwaka huohuo dola ikawa inapanda, kutoka 2,500 hadi karibu na 2,700. Mi nilikuwa namtumia mama 20,000 ya Kenya kila mwezi, mwanzo wa mwaka inamfikia laki tatu na kidogo, kufika Agosti inamfikia laki nne na zaidi. Akanipigia, mwanangu wamekupandisha cheo mbona hujatuambia. Cheo wapi mama, mshahara ni uleule mpaka senti ya mwisho na bei za Kasarani hazikushuka hata kidogo.

"Kodi ya nyumba Nairobi ni kichaa, Dar ni nafuu"

Hii ndo iliyonisumbua zaidi kwasababu ni kweli nusu, na ile nusu ya uongo ndo inayokuumiza.

Sinza nilikuwa nakaa chumba na sebule, choo ndani, 250,000 kwa mwezi. Kasarani nikapata yenye chumba kimoja, sebule na jiko kwa 15,000, yaani 300,000 ya kwetu. Ukiishia hapo Dar imeshinda. Ila hebu angalia siku ya kuingia. Sinza mwenye nyumba alitaka miezi sita, na mi nilijiona nimebahatika maana wawili niliopita kwao kabla walitaka mwaka mzima. Hiyo ni 1,500,000. Dalali naye anachukua mwezi mmoja, 250,000, na hapo sijahesabu elfu kumi kumi za kunizungusha kuona nyumba ambazo zingine alikuwa anajua zimeshachukuliwa. Jumla 1,750,000 kabla sijaingiza hata ndoo. Kasarani nililipa mwezi mmoja, depoziti ya mwezi mmoja, na 3,500 ya maji na umeme, basi, 33,500. Hiyo ni 670,000. Dalali hakuwepo, niliona kibao getini kimeandikwa nyumba ipo, nikampigia keateka, yaani msimamizi wa jengo, akanifungulia nikaangalia.

Kwa hiyo kijana anayeanza kazi Dar kodi yenyewe anaiweza, 250,000 ni kitu anachoweza kulipa kila mwezi, kinachomshinda ni milioni moja na laki saba kwa mkupuo. Ndo maana unakuta mtu ana ajira nzuri tu na bado anakopa kila baada ya miezi sita, anaingia vikoba, anacheza mchezo wa kupeana hela ofisini, na mwezi wa kodi hapokei simu za watu. Nairobi hujui hiyo presha ya miezi sita, unajua presha ya tarehe 5. Keateka anapita mlango kwa mlango, na kuna majengo ukifika tarehe 10 hujalipa unakuta kufuli jingine juu ya la kwako. Dar ukishalipa unalala miezi mitano na nusu kama umejenga.

Na kodi za Nairobi usizisome kwenye matangazo ya Kilimani na Westlands ukadhani ndo mji wenyewe. UNEP na UN-Habitat za Umoja wa Mataifa zote makao yake makuu ni Gigiri, kuna mashirika na balozi kibao, watu wa mishahara ya dola, lazima bei za upande ule zivutwe juu. Ni kama mtu aangalie Masaki afu aseme Dar hakukaliki. Zile orodha za miji ghali duniani nazo ni hivohivo, kampuni ya Mercer kwa mfano wanalinganisha na New York na wanampima mgeni aliyehamishwa na kampuni yake, hawampimi mtu wa Pipeline kule Nairobi wala wa Mbagala huku Dar.

"Nairobi kuna baridi, umeme utatumia kidogo"

Mji uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba usiku unalala na soksi. Feni hujui kitu gani. Lakini uniti moja ya umeme kule ukiwa mtumiaji wa kawaida inapita shilingi 25 za kwao, zaidi ya 500 ya kwetu, wakati Dar kwenye nyumba nyingi ni kama 356. Na yale maji ya kuoga lazima uyachemshe, ile shawa ya umeme inakula uniti usipime.

Sasa Dar uniti ni bei ndogo ila Desemba mpaka Machi feni haizimwi, na mwenye AC ndo kabisa. Halafu kuna ile ukinunua LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, mara ya kwanza kwenye mwezi, elfu kumi ambayo siku zote inakupa uniti 28 inakupa 23 na pointi, maana imekatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la mwenye nyumba, anayekatwa mpangaji. Sheria inasema umdai mwenye nyumba, ila mi sijawahi kumuona mtu anayeenda kumdai mwenye nyumba 1,500.

"Kenya ndo wanakatwa, Bongo mshahara unabaki"

Hii nilikuwa naiamini hata mimi. Wakenya wanalalamika kwa sauti, mitandaoni na barabarani, basi sisi tunadhani wao ndo wanaochunwa. Nikakaa nikapiga hesabu kwa viwango vya 2025. Mshahara wa 1,200,000 Dar, toa NSSF ya uzeeni asilimia 10 ambayo ni 120,000, toa PAYE, yaani kodi ya mshahara, 152,000, unabaki na 928,000. Nairobi 60,000, ambayo ni hiyohiyo milioni na laki mbili, toa NSSF 3,600, SHA ya bima ya afya 1,650, tozo ya nyumba 900, PAYE kama 8,540, unabaki na 45,300 na kidogo. Mara 20 ni kama 906,000. Tofauti ni elfu ishirini na kitu, na mwenzio kwenye hiyo ameshalipia na hiyo bima. Kwenye mishahara mikubwa mambo yanabadilika maana wao wanafika mpaka asilimia 35 na sisi tunaishia 30, lakini wangapi kati yetu wanafika huko.

"Dar ndo kuna chakula rahisi"

Inategemea unakula nini. Mchele, vitunguu, machungwa, Dar utakula vizuri kwa hela ndogo, na vitunguu vingi unavyoviona masoko ya Nairobi vimetoka kwetu, machungwa ya Muheza pia yanavuka. Unga nao walikoma 2022 ile pakiti ya kilo mbili ilipopita 200 ya kwao. Ila ukija kwenye maziwa wametuacha mbali. Kule hata kwenye kibanda cha mabati chai ni ya maziwa, ukitaka isiyo na maziwa lazima uombe, na wanakuangalia kama umefiwa. Dar chai ukisema chai tu unaletewa ya rangi, maziwa ni kitu cha kuagiza na bei yake.

Mlo wa mchana nje hauna tofauti ya kuhama nchi. Kwa mama lishe wali maharage nilikuwa nakula kwa 2,000 na mia tano juu akiweka dagaa wa kukaanga, Kasarani chapati mbili na madondo, yaani maharage, mia ya kwao. Ni hela ileile, na kule wali nazi niliuota ndotoni.

"Usafiri Nairobi umeendelea"

Ndio wana ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022, na inapendeza, hasa ukiiangalia kutoka chini ukiwa kwenye matatu haijasogea nusu saa. Matatu zenyewe zina muziki na skrini, raha kweli. Shida ni nauli. Asubuhi ni 50, jioni 80, mvua ikianza kudondoka tone la kwanza inakuwa 100 au 150 na kondakta anakwambia kwa upole kabisa kama hutaki kaa chini ya mti. Huwezi kupanga bajeti ya mwezi, na ndo maana unaona watu wengi vile wanatembea kwa miguu saa kumi na mbili asubuhi, wamevaa ofisi na raba, viatu viko kwenye mfuko.

Dar nauli imepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, unaijua, konda akizidisha abiria wote wanamrukia. Tunacholipa sisi ni muda. Kusimama Kimara ukisubiri basi la mwendokasi lenye nafasi, jasho linatiririka mpaka shati la ofisi linabadilika rangi, ukifika kazini unatamani kuoga upya, hiyo gharama haiandikwi kwenye jedwali lolote. Wakenya waliokuja huku ndo kitu cha kwanza wanalalamikia, cha pili ni kwamba kila mtu hana haraka.

Nilipokuwa naondoka kwenda Nairobi niliuza feni yangu kwa jirani kwa elfu kumi na tano, nikijua nimemalizana nayo. Niliporudi ilikuwa Februari. Nimepata nyumba, nimelipa miezi sita, nimebaki na hela ya kitu kimoja tu, feni au godoro. Wiki mbili nimelala kwenye mkeka, feni inanipuliza.