Arctic Monkeys walianza na sebene, mashairi yakaja baadaye

Mi ni fundi mitambo wa muziki hapa Mwanza, kazi yangu kubwa ni bendi za dansi zinazopiga wikiendi Kirumba na kwenye hoteli za kando ya ziwa, ila roki ndo ugonjwa wangu. Juzi madogo watatu wa chuo kule Nyegezi wamekuja studio, "bro tunataka gita lilie kama la Arctic Monkeys." Nikawauliza la mwaka gani? Wakaangaliana.

Maana hao jamaa wa Sheffield, Uingereza, ni kama bendi tatu ndani ya moja. Albamu ya kwanza, 2006, iliuza kopi zaidi ya 360,000 wiki ya kwanza tu kwao, na ukiiweka ni mbio mwanzo mwisho, magita mawili yanakwaruza, mwimbaji wao Alex Turner anamwaga maneno kama konda anayeitia abiria pale Buzuruga. Sisi kwenye dansi tunaanza taratibu, mashairi kwanza, sebene, ile sehemu ya kasi ya magita, mbele ya safari. Wao walianzia kwenye sebene kabisa.

Wengi wanakwambia mabadiliko yote ni ya Turner na nywele zake. Mi nakwambia sikiliza drams. 2009 walienda jangwani California kurekodi sehemu kubwa ya albamu ya Humbug na prodyuza Josh Homme, mwendo ukashuka, gita likawa zito lenye kiza, na mashabiki wa zamani wakanuna. Ila bila Humbug hakuna albamu ya AM ya 2013, hapo sibishani na mtu. Wimbo unaofungua AM unatembea biti 85 tu kwa dakika, Matt Helders wa drams anakanyaga, makofi yanajibu, halafu anaacha uwazi, na gita linapita kwenye ule uwazi kama mtumbwi. Hiyo ni hip hop, na hata wenyewe hawakuficha. Juu yake Helders na Nick O'Malley wa besi wanaitikia kwa sauti nyembamba kama waimbaji wa R&B.

2018 ndo wakanichanganya, na albamu ya Tranquility Base Hotel & Casino. Turner alipewa piano akaanza kutungia hapo, na mtu akitungia kwenye piano nyimbo zinapinda kwingine kabisa, magita yakawekwa pembeni. Mwezi mzima niliichukia ile albamu, leo naiweka kila usiku nikifunga nyaya. The Car ya 2022 ikaongeza okestra ya nyuzi, nzuri, japo mi inanipa usingizi kidogo.

Basi wale madogo, gita lao sikuligusa. Nilimfuata wa drams nikamtolea matoazi yote, nikamwachia dramu ya mguu na snea, ile ngoma ndogo ya mbele, akakasirika mpaka hasemi. Tumerekodi raundi ya tatu, wa gita akasimama katikati akauliza, "sasa hapa mi nipige nini?"

Nikamwambia subiri kwanza.