Kiti mwendo cha umeme: pima mwili kwanza, mota baadaye

Swali la kwanza huwa ni kasi, la pili ni umbali kinaokwenda kwa chaji moja. Mimi naanza na utepe wa kupimia. Mtu anayekalia kiti kutwa nzima hufaidika na mota pale tu kiti kinapomkaa mwilini.

Mkalishe kwenye benchi gumu, magoti yamekunjwa nyuzi 90, nyayo zimetulia sakafuni. Pima nyonga mahali palipo panapana zaidi, kisha ongeza sentimita 2 tu. Wengi huongeza 7 au 8 ili "ajiachie", na hapo ndipo anapoanza kuegemea upande mmoja, nyonga zikapinda na kalio moja likabeba uzito wote. Halafu pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti na utoe sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kiti. Kina kikizidi, ukingo humbana nyuma ya goti, naye huteleza mbele kuukwepa, akaishia kukalia mfupa wa mkia. Mwisho pima kutoka nyuma ya goti hadi chini ya soli ya viatu anavyovaa kila siku, utoe unene wa mto ukiwa umeshabonyea. Ubao wa kukanyagia ukiwa juu mno, magoti hupanda na uzito wote huhamia kwenye makalio.

Aliyeumia uti wa mgongo na kupoteza hisia haambiwi na mwili kwamba ngozi inaharibika. Kwake huyu, kiti kinacholala chote nyuma bila kubadili pembe ya nyonga ni kinga ya vidonda vya mgandamizo, wala si anasa. Kilale angalau nyuzi 30; kikifika 45 ni bora zaidi. Kama egemeo la mgongo nalo hufunguka peke yake, laza kiti kizima kwanza ndipo ufungue egemeo, na wakati wa kurudi anza na egemeo. Ukikosea mpangilio huo, mwili huteleza na ngozi ikavutwa.

Magurudumu ya mota yakiwa katikati, kiti hugeuka papo hapo, kwa hiyo kinafaa korido finyu. Ila kwenye kimtaro, magurudumu madogo ya mbele na nyuma huweza kukanyaga kingo mbili, yale ya mota yakabaki yanazunguka hewani. Mota za nyuma hutulia zaidi barabarani lakini zinataka nafasi kubwa ya kukata kona. Kwa mitaa ya mchanga, tafuta matairi mapana, hasa ya mbele, kwa sababu membamba huchimba na kuzama. Pima pia milango, ukianzia na wa choo, ambao mara nyingi ndio mwembamba kuliko yote.

Kijiti cha kuendeshea kiwekwe upande wa mkono wenye nguvu. Mkono ukitetemeka, fundi atumie programu ya kiti kupunguza wepesi wa kijiti na kasi ya kuondoka kabla hujaamua kwamba mtu huyo hawezi kuendesha. Kwa ugonjwa unaoendelea kudhoofisha misuli, nunua kiti ambacho baadaye kitakubali kuendeshwa kwa kidevu au kichwa.

Betri za kawaida ni mbili za volti 12, zimeungwa kutoa 24. Zibadilishe zote mbili kwa pamoja: ya zamani huizorotesha mpya. Betri za madini ya risasi zichajiwe kila usiku, hata kama kiti kimetembea kidogo, kwani zikikaa tupu huharibika. Umbali unaotangazwa umepimwa kwenye sakafu tambarare. Mchanga na vilima huupunguza sana.

Kila anayemsaidia mtumiaji aujue wenzo wa kuachia mota, unaoruhusu kiti kisukumwe kwa mikono. Usiuguse kwenye mteremko. Breki ya kiti iko kwenye mota, na ukishaiachia hakuna kingine kinachokishikilia.